Damu Iliyoandikwa Tomaso

Getanuwas, 9 Februari 2025

Dada Genoveva,

Shikamoo. Huku hatujambo, ng'ombe hawajambo. Mama anauliza kama huko Moshi mnakula ugali au mnakula vipimo tu. Mimi ni mzima kupita kiasi, wasichana wa Katesh ndio wagonjwa.

Kazi uliyonituma nimeimaliza. Ulisema mgongo wa baba na kule kuchokachoka huenda ni protini mbovu kwenye damu, nimpeleke Katesh akatolewe, ikapimwe hospitali kubwa. Imepimwa. Protini mbovu haikuonekana. Safi! Mimi niliyefeli darasa la saba nilikwambia ni mgongo wa mzee aliyebeba ndama maisha yake yote. Diploma yako ya maabara ipumzike. Baba amefurahi, amerudi kuchunga, hospitali hataki tena kuisikia.

Mdogo wako bingwa,
Bura

Moshi, 17 Februari 2025

Mdogo wangu Bura,

Marahaba. Mimi sijambo, mwambie mama ugali upo.

Usishangilie bado. Kipimo kile kinazipanga protini za damu. Ile mbovu ikiwa nyingi inachomoza kwenye mchoro kama mlima mwembamba. Lakini wapo wagonjwa ambao mwili wao unatoa vipande vidogo tu vya hiyo protini, na hapo havionekani. Ndiyo maana kuna kipimo cha pili, cha vipande hivyo, na cha mkojo. Kimoja peke yake huwakosa baadhi ya wagonjwa. Na kuna wengine kinawakuta nayo na bado hawaumwi, wanafuatiliwa tu.

Nitumie karatasi yenyewe ya majibu, siyo maneno yako. Mpe konda wa basi. Na baba asinunue dawa za maumivu dukani, zinaumiza figo.

Dada yako,
Genoveva

Getanuwas, 31 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Sisi tupo. Usinikasirikie kwa kuchelewa. Mara mvua, mara mnada, mara karatasi imejificha, na unajua mimi ni mtu wa shughuli nyingi.

Baba anainuka kwa kushika ukuta. Miguu imevimba. Mama anasema ni jua.

Karatasi hii hapa.

Mdogo wako,
Bura

Moshi, 3 Aprili 2025

Bura,

Marahaba. Nimeisoma. Wingi wa damu umeandikwa 15.6. Januari baba alipimwa Katesh nikiwa nimesimama pale: 8.1. Hakuongezwa damu. Hakuna mzee wa miaka sitini na tatu anayepanda hivyo ndani ya wiki tatu kwa kunywa maziwa. Nimewapigia waliopima. Mashine haikukosea, walirudia mara mbili.

Ni damu ya nani? Usinijibu kwa utani.

Dada yako,
Genoveva

Getanuwas, 5 Aprili 2025

Dada Genoveva,

Shikamoo. Ni yangu.

Tulifika Katesh siku ya mnada. Baba akasema anachungulia bei ya madume mara moja. Hakurudi. Muuguzi akaita jina la baba, "Tomaso!" mara tatu, foleni ndefu, yeye hata macho hainui. Nikaitika.

Nilikuwa na hesabu yangu. Bwana mifugo akija kupima ugonjwa wa kutupa mimba, hachomi ng'ombe wote. Anatoa damu kwa wachache, akikuta safi anaandika boma safi. Nikasema mimi na baba ni boma moja, maziwa ya kibuyu kimoja, damu yangu si imetoka kwake? Nikaona nimemwepushia sindano. Nilijisifu njia nzima.

Barua yako ya kwanza ndiyo iliyonifungua macho. Nikaogopa, nikaiweka karatasi chini ya godoro. Mvua haikunizuia.

Jumatatu nampeleka. Nitamshika mkono mwenyewe, hata kama mnadani wanagawa madume bure.

Mdogo wako,
Bura

Getanuwas, 26 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo. Jumatatu tunakuja Moshi, baba anaanza dawa. Tupokee stendi, hatembei mbali.

Kipimo cha kwanza hakikuona kitu, kama ulivyosema. Vile vipande vidogo ndivyo vilivyomkamata, vingi mno, na kwenye mkojo vilevile. Wakamchoma sindano mfupani, wakahakikisha ni saratani ya damu. Nilitaka kufurahi kwamba hata kama angetolewa damu yeye siku ile, kile cha kwanza kingesema safi. Lakini ningekutumia karatasi mapema, ungeona ile 8.1 yake iko palepale, ungedai kipimo cha pili Februari. Daktari anasema figo zimeharibika miezi hii ya karibuni. Sikumuuliza zimebaki kiasi gani. Utamuuliza wewe.

Leo asubuhi nilimweleza baba yote, tukiwa zizini. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniangalia.

"Kwa hiyo wewe huumwi?"

"Siumwi, baba."

"Hiyo nzuri," akasema. Akasogea pembeni, akanionyesha miti ya lango kwa kidevu, niiinue mimi, ng'ombe watoke.

Mdogo wako,
Bura