Faida Isiyouzwa

Alhamisi, baada ya Isha

Na bado naamini niliandika sawasawa. Kahawa iliyo kwenye ghala la kampuni yetu imepanda bei, lakini haijauzwa, na faida ya mali isiyouzwa mhasibu haiandiki. Hasara naiandika hata nikiihofia tu. Ndivyo nilivyofunzwa.

Hesabu zilipotangazwa Nairobi, watu waliona faida ndogo na hisa za kampuni zikaanguka. Ami Seif, nduguye marehemu baba, alizinunua kwa sababu mimi ndiye mhasibu pale. Jana aliziuza zote kwa bei ya kutupa.

Leo alasiri nilipofika barazani hakuna aliyesogea nipate pa kukaa. Ami akasema bila kuniangalia, "Kahawa yenu ikiuzwa, hisa zitapanda, nami sinazo tena. Ungeandika na kheri kidogo, mwanangu."

 Nilikunywa kikombe changu wima nikarudi nyumbani.

Asubuhi dada yangu Zuhura alisema huenda akaja kula nami magharibi. Huenda. Kwa hiyo nilipika wali wa mtu mmoja, nikaandaa sahani moja.

Akaja. Alisimama mlangoni, akaitazama ile sahani.

"Mimi nimeshakula, ndugu yangu," akasema. "Nimepita kukujulia hali tu."

Nikamwacha aende. Nyumba hii, tangu mama afariki...

Hakuwa amekula. Mtu aliyeshiba haji na chupa ya achari mkononi.