Makofi kwa Masanja

Jumamosi

Mikono yangu imeniaibisha leo. Timu yetu ya kikapu ya kiwandani imefungwa tena, mara ya sita mfululizo, na kocha bado anatuomba subira: "Timu inajengwa." Maneno hayo hayo aliyasema meneja wa kiwanda chetu alipowapunguza kazi wachezaji wote wa zamani.

Masanja, nahodha wetu aliyepunguzwa, leo kawachezea wapinzani. Aliporuka na kutumbukiza mpira kikapuni, nikajikuta nimesimama, napiga makofi.

Mzee Bwire, ninayekaa naye benchi moja la mashabiki kila mechi, akanikazia macho. "Wewe, unamshangilia nani?"

Nikakaa.

Jumatatu orodha nyingine ya wanaopunguzwa inabandikwa getini. Ningemwambiaje mzee kwamba nimefurahi kuona mtu aliyetolewa pale bado anaruka?