Mama Kwenye Kioo cha Kabati

Mwenzangu, uko wapi? Nimetoka ofisi ya kodi sasa hivi.

Ni vile vitu vya marehemu mama nilivyouza kwenye mnada wa mtandaoni. Ofisa ananiuliza, "Ulinunua ili uuze? Hiyo ni biashara, faida yake ina kodi." Nikamwambia hapana, ni vya nyumbani, mama mwenyewe alisema niviuze tupate hela ya dawa.

Akawa anafungua picha moja moja. Cherehani. Redio. Kabati. Hapo kwenye kabati akaikuza picha.

"Na huyu mama ni nani?"

Yupo kwenye kioo! Mama yupo kwenye kioo cha kabati! Amekaa kitandani, amejifunika shuka, anapunga mkono. Neno IMEUZWA limempita kifuani.

Sikumwona. Wallahi sikumwona.

Ofisa akafunga kompyuta polepole. "Nenda tu, hudaiwi kitu."

Nimekaa hapa ngazini. Sasa ndiyo nakumbuka, siku ile napiga picha aliniuliza, "Nimetoka vizuri?" Nikamjibu huku nacheka: "Mama, nauza kabati, sikuuzi wewe."