Maoni ya Mtaa Mzima Yamo Kwenye Simu Yangu

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie kabla Alhamisi haijafika, maana tangu Jumamosi mtu akibisha hodi sifungui. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, na mwezi uliopita halmashauri ilitangaza kwamba inataka kuihamishia zahanati yetu ng'ambo ya barabara kuu, na mwananchi anayekubali au kukataa ajaze fomu mtandaoni, hakuna karatasi, basi wazee na wasio na simu za maana wakaja kwangu, na kwa kuwa kila fomu inadai namba ya simu ya kupokelea ujumbe, nikaweka yangu kwa wote.

Sasa mshauri, sisi wachapaji tuna mazoea yetu, barua ya mtu hatuianzi upya, tunachukua ya mteja wa jana tunabadilisha jina, na fomu ile nayo nikibonyeza kurudi nyuma ilikuwa inabaki imejazwa vilevile, nikafurahi kweli, nikawa nabadilisha jina na namba ya kitambulisho tu natuma, wala sikuteremka hadi chini, kumbe kule chini lilibaki jibu la mteja wangu wa kwanza, mwenye nyumba wa kona, ambaye anataka zahanati ihame apate eneo la maduka. Waliomfuata ni watu sitini na tatu na wote walikuwa wanakataa! Mama mmoja mjamzito alinieleza kwa kirefu jinsi mimba ya kwanza ilivyomtoka akiwa njiani kwenda hospitali ya mbali, akasema, "Andika yote hayo, wayasome," nikamwambia nimeshaandika, na sikuwa nimeandika hata neno kwa sababu foleni ilikuwa imefika barabarani.

Jumamosi matokeo yakabandikwa, wanaokubali sabini na mmoja, wanaokataa tisa. Nikashika simu nikafungua ule ujumbe wa "maoni yamepokelewa" ambao sikuwahi kuusoma hadi mwisho, na kila mmoja unaishia na neno "Anakubali".

Hakuna anayenishuku, na hilo ndilo linalonitisha zaidi, kwa sababu wanasema aliyetuuza ni mjumbe wetu wa mtaa, fundi cherehani mstaafu, mtu asiye na neno na mtu, wamemvunjia dirisha na mkewe haonekani tena bombani. Mama mkwe wangu, anayechukua dawa za presha hapo zahanati, juzi kapiga meza akasema, "Alhamisi huyo fundi atatueleza, na asipotueleza hatoki pale kwa miguu yake." Nikaitikia, "Kweli mama." Alhamisi ndiyo siku ya mkutano wa hadhara na ndiyo mwisho wa kupokea pingamizi. Nikisema nitapigwa, au nitafungwa, na mume wangu yuko safarini. Nimefikiria kufuta ujumbe wote na kuvunja laini. Nifanyeje?

Mchapaji Mwenye Hofu

*

Mchapaji, kwanza toa kidole kwenye kitufe cha kufuta. Ujumbe huo, wenye tarehe na saa, ndio unaoonyesha kwamba ulikosea. Sasa hivi wewe ni mzembe, ukiufuta utakuwa mhalifu.

Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote ili itoke leo Jumanne. Na nikuonye: kwa jinsi ulivyojieleza, kuna jirani atakutambua kabla ya jioni. Mtangulie.

Pole kwa hofu. Hata mimi niliposoma habari ya dirisha la fundi niliiweka barua chini kwanza. Lakini tusidanganyane, dada yangu. Fomu kukuachia jibu la mtu mwingine ni haraka na mazoea ya kazi, nakuelewa. Yule mjamzito je? Nani alikutuma umdanganye? Alikuja kuzungumza na serikali yake kupitia vidole vyako, wewe ukamtikisia kichwa apite. Hapo nakugombeza, na utavumilia.

Usingoje mkutano. Leo hii kaa na mama mkwe wako, mwonyeshe simu, anzia na ujumbe wenye jina lake kama yumo. Atafoka. Mwache afoke, ni heri hasira hiyo aimalizie kwako sebuleni kuliko kwa fundi mbele ya umati. Akipoa, mwombe akusindikize kwa fundi ukamwombe radhi. Mama anayepiga meza namna ile ndiye unayemtaka ubavuni.

Kesho saa mbili asubuhi nendeni wote watatu kwa ofisa anayepokea pingamizi. Andika maelezo kwa mkono wako, ambatanisha orodha ya majina, saini, usiondoke bila nakala yenye muhuri. Omba wateja wako waruhusiwe kujaza upya. Wakikubaliwa, kaa na mmoja mmoja, msomee jibu lake kwa sauti kabla hujatuma, na uanze na yule mjamzito. Sheria itasemaje, siwezi kukuahidi. Ninachojua ni kwamba anayekuja mwenyewe husikilizwa kuliko anayekamatwa.

Miguu ikikataa kuvuka kizingiti, mkumbuke fundi. Naye anaiogopa Alhamisi hiyohiyo, na hajui kakosa nini.