Kitabu Kisichotakiwa Kuisha

Nyumba ya kona, nyuma ya shule
Jumapili, 9 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa huku ukijitia hodari? Nakujua, wewe dawa hunywi mpaka usimamiwe. Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo uko palepale. Jana kamkosoa fundi bomba mpaka mtu wa watu akafungua kila kitu na kuanza upya. Shemeji yako mzima pia, tumbo linazidi kumtangulia.

Utashangaa nimeandika wakati simu zipo. Simu ikilia, mwanao ndiye anayeidaka, na ninayotaka kukuambia yanamhusu yeye. Tulia uyasome mpaka mwisho, usije ukapandwa na hasira katikati ukanipigia.

Unajua mwaka huu nimepewa Kiingereza cha darasa la tatu, na Cherehani wetu yumo humo humo. (Jina hilo kapewa na mama, kwa kusema bila kituo.) Nilidhani nitapata ahueni, maana mtoto wa nyumbani anakuwa mfano kwa wenzake. Thubutu. Mfano alikuwa, lakini wa vurugu.

Mimi sinyamazishi darasa kwa kelele. Napiga makofi matatu, wao wanajibu matatu, kisha kimya. Mwanao alikuwa akijibu anaongeza la nne, peke yake, uso mkavu, na darasa zima linakufa kwa kicheko. Nikisimama kungoja watulie, anaanza chafya za uongo. Nikamhamishia dawati la mbele. Huko akawa anageuka kuwakunjia uso walioketi nyuma. Nikampa kazi ya kugawa vitabu, ili ajione mkubwa, akavigawa vyote juu chini, watoto wakabaki kuvizungusha kama usukani. Hata wimbo wa vitendo, ambao haujawahi kuniangusha, wenzake wakigusa pua zao yeye anagusa ya jirani. Maji yalinifika shingoni. Utundu huo sijui kaurithi kwa nani, ingawa namkumbuka mtu mmoja aliyefungia jongoo kwenye sanduku la chaki.

Kilichoniuma zaidi, mwalimu wa hisabati anamsifu kila kukicha. Kwake mtoto ni mtulivu, msikivu, mkono juu. Walimu wakaanza kunong'ona kwamba anadeka kwa shangazi yake. Mwisho mwalimu mkuu akaamua mlezi wake aitwe. Mlezi ni nani? Mimi. Basi nikatoka darasani, nikabisha hodi ofisini, nikakaa kwenye kiti cha wazazi nikasomewa makosa ya mtoto kana kwamba nayasikia kwa mara ya kwanza. Akasema asipobadilika, muhula ujao atahamishiwa shule nyingine, kwa sababu wenzake wanabaki nyuma kwa ajili yake. Nilipotoka nilicheka, kisha nikaenda chooni nikalia.

Baada ya hapo nikaacha kutazama anafanya nini, nikaanza kutazama anafanya wakati gani. Tukirudia somo la zamani alikuwa katulia tuli, tena anajibu maswali kuliko wote. Nikisema fungueni ukurasa mpya, hapo patashika. Nilijaribu siku kadhaa, na kila mara ilikuwa hivyo hivyo.

Siku moja wenzake walipoondoka nikambakiza tufute ubao pamoja. Sikumgombeza. Nilimwuliza tu, kwa nini kurasa mpya hazimpendezi. Akafuta pale pale palipokwisha kufutika, muda mrefu, halafu akasema:

"Baba alisema tukimaliza kitabu cha Kiingereza, anakuja kunichukua."

Mdogo wangu, nilikaa kwenye dawati la mtoto. Najua uliyasema hayo kumpa moyo wa kusoma. Nilikuwa pembeni naosha vyombo, simu iko kwenye spika, nilikusikia, hata nikatabasamu. Yeye aliyabeba kama yalivyo. Na kwa kuwa darasa lote hufungua ukurasa mmoja kwa pamoja, akaona hana budi alizuie darasa lote. Umri ule, na hila zile.

Usiumie. Au umia kidogo, halafu unisikilize. Mama yake alipofariki nawe ukaenda huko kutafuta kazi, alikuwa hajui hata kufunga kamba za viatu. Nyumba anayoijua ni hii, na kitanda chake kiko ubavuni mwa cha bibi yake. Wewe anakupenda, lakini anakupenda kwa simu. Nilimwambia kitabu ni kitabu tu, hakuna atakayemfungisha virago kwa sababu ya ukurasa wa mwisho. Akanitazama, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Hiyo ahadi nimekutwisha na wewe bila kukuuliza; nigombeze ukipenda, ila usinivunjie.

Tangu hapo makofi ni matatu. Wimbo anauanzisha yeye, na wale waliobaki nyuma anawafundisha wakati wa mapumziko, kwa ukali ambao mimi siuwezi. Habari za kumhamisha zimekwisha. Mwalimu mkuu ananiuliza nimetumia mbinu gani, namjibu tulifuta ubao.

Ijumaa tumekimaliza kitabu. Watoto walishangilia, naye alishangilia nao, nikajua yamepita. Lakini tulipofika nyumbani hakuvua sare wala viatu. Alikaa kwenye ngazi ya mlangoni akiangalia barabara. Chakula kikapoa, mama akamwita mpaka akachoka. Nikaenda kukaa naye. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba hukuja. Mimi nami nikachanganyikiwa, nikamwuliza, si yeye mwenyewe alikuwa hataki uje?

"Sikutaka anichukue, shangazi. Kuja nilitaka aje."

Nilimkumbatia tu, viatu vyake vikanichafua sketi yote.

Mama anakusalimu, na anasema uache kulala na nywele mbichi. Shemeji yako anakusalimu, na mapacha wangu wanakuulizia. Nisalimie yule jirani yako fundi viatu anayekupikia uji ukiugua. Mwambie huku tunamtaja kwa wema. Mungu akulinde kazini na akulainishie moyo wa bosi wako, maana sasa utamwomba likizo.

Njoo, mdogo wangu. Begi liwe dogo, la mtu mmoja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinikasirisha.