Kulabu za Nyumba ya Floarea

Beiuş, 9 Novemba

Mpendwa Dada Noreen,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua ngazini. Mimi sijambo, ila kikohozi cha vumbi la saruji, nacho nimeshakizoea. Najua huko nyumbani Ballina mvua inanyesha, kwa hiyo sikuulizi.

Wenzangu wa kujitolea, tuliokuja nao huku ugenini kujenga nyumba, walikaa wiki mbili, wakapiga picha, wakarudi kwao. Nilikuandikia kwamba nimebaki kwa sababu fundi lipu anahitajika. Ni kweli anahitajika. Lakini kila jioni nakula ugali wa njano wa watu wa huku peke yangu, redio ikisema maneno ninayoyashika nusu, na upweke unanikaba, dada. Hilo sikukuandikia.

Nyumba tunayoimalizia ni ya Floarea, mama wa watoto watatu, ambao wote wanalala chumba kimoja na mama mkwe wake. Utaratibu wa hapa ni kwamba atakayepewa nyumba naye aijenge kwa mikono yake, kwa hiyo tangu Agosti ananichanganyia lipu na kunitania. Husema ukuta wangu mmoja unachukua muda mrefu kuliko mimba zake zote.

Jumanne nilipigilia kulabu za makoti ukutani, nyuma ya mlango. Floarea, ambaye ni mrefu kuliko mimi, alizitazama akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo. "Mzee Fergal, hizi umemwekea nani? Koti langu si litafagia sakafu!" Nikazitazama na mimi, nikaelewa. Nilikuwa nimezipigilia kwa kimo cha Maura. Mke wangu ana miaka mitatu kaburini, na mkono wangu bado haujaambiwa.

Nikamweleza. Akaniuliza kwa upole nani anaishi katika nyumba yangu sasa. Nikamjibu kwamba hakuna mtu. Akauliza ina vyumba vingapi. Nikasema vinne. Hakunitania. Alichukua mwiko akaendelea na kazi mpaka tulipoosha vyombo vya kazi. Ni heri angenitukana.

Sasa nikwambie ukweli. Kabla sijaja huku, binti yako Grainne alinifuata, akaniomba nyumba ile aishi na watoto wake, maana walipokuwa wamepanga walikuwa wanafukuzwa. Nilimwambia paa linavuja. Halivuji, dada, niliezeka mwenyewe. Nilishindwa tu kumwazia mtu mwingine akigusa vitu vya Maura. Wiki iliyofuata nikajiandikisha kuja kujenga nyumba za watu. Mtaa mzima ukanisifu, nawe ukanisifu, na Grainne akanyamaza asinitie aibu, akahamia kwenye karavani, kile kijumba cha magurudumu kilicho uani kwako.

Jana nilizing'oa kulabu, nikazipandisha juu, nikaziba matundu. Ufunguo wa nyumba umo katika bahasha hii. Mpe yeye, na umwambie nakuja kumwomba msamaha kwa kinywa changu. Nikirudi, chumba kidogo cha nyuma kitanitosha, kama watanikubali.

Nisalimie watoto, na majirani wanaoniulizia. Koti la buluu la Maura bado linaning'inia nyuma ya mlango wa nyumba yangu. Grainne ana kimo kilekile. Baridi imeanza, mwambie alivae.

Mdogo wako,
Fergal