Ubao wa Zamani, Diski Mpya

Mwanaesha mjukuu wangu,

Kizingitini sote wazima, ila mbuzi wa shangazi yako amenilia kofia. Waniuliza laptopu yako kuukuu uitupe, au uitie diski mpya na memori zaidi. Umemuuliza bingwa!

Ujanani niling'oa ubao uliooza wa mashua ya baba, nikauchoma kuni. Fundi akaniuliza, "Bwana mjuzi, ubao mpya utaukata kwa kufuata upi?" Kipimo chenyewe kilikuwa chini ya birika, kinachemsha chai.

Basi laptopu usiitupe, itie diski mpya. Lakini kicheko cha marehemu bibi yako ulichokirekodi kimo kwenye diski ya zamani. Kinakili kabla hujaing'oa.

Hiyo memori ikiongezwa, mashine itamkumbuka zaidi? Ikiwaka, nipigie, nimsikie akinicheka.

Babu yako